Siku Mashine Mbili Zilipoacha Kusikilizana

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, kofia yake ya kufuma ameilaza magotini, akisubiri karatasi moja. Binti yake alikuwa amefariki alfajiri kwenye wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Mwili ulikuwa umeshashushwa mochwari, ile nyumba fupi ya bati nyuma ya tangi la maji. Gari la kuubeba lilikuwa limepaki nje, milango yake ya nyuma wazi. Nyumbani kwao, Mtoni, wanawake wa kuosha walikuwa wameshaweka maji, kaburi lilikuwa linachimbwa, na watu wote walikuwa wameambiwa muda: atasaliwa baada ya Alasiri. Kilichobaki ni kibali cha kutoa mwili. Kibali kilitoka kwenye mfumo, na mfumo ulikuwa umegoma.

Mimi ndiye niliyeitwa kuuamsha.

Sikusomea kazi ile. Shule niliiacha kidato cha pili, huko Masasi. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Asubuhi moja niliona lori la korosho linapakia, nikamwuliza dereva linakwenda wapi, nikapanda. Dar nimefanya kila kitu ambacho kinafunguka kwa bisibisi. Nimetengeneza simu Kariakoo, nimefunga madishi Kawe, nimehudumia friji za baa za Sinza hadi nikajua kila baa inapoficha bia zake za moto. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Hospitali ile ya binafsi, ndani ndani Kinondoni, niliingia kutengeneza kiyoyozi. Wakaniona nachungulia kompyuta zao, nikauliza maswali mengi kuliko kawaida, na mkuu wa kompyuta akasema nibaki nimsaidie. Yeye alikuwa na shahada na uvumilivu. Kila nilichouliza alinijibu, hata nilipouliza mara ya pili.

Siku hiyo alikuwa Dodoma kwenye semina. Nilikuwa peke yangu.

Nilimkuta mzee na dada yake, mwanamke mfupi aliyejitanda khanga mbili, ambaye kila mtu pale alishamwita shangazi. Nikasalimia.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," mzee akajibu bila kuinua macho.

"Marahaba," shangazi akasema. "Wewe ndo fundi mwenyewe? Haya, tuambie. Mie nimeshaona maiti amezuiwa kwa deni. Hilo nalijua. Maiti kuzuiwa na mtandao, hili naliona leo kwenu."

"Nalishughulikia, mama."

"Shughulikia. Maana hapa hatuna deni hata la kidonge."

Alisema kweli. Hawakudaiwa chochote. Kulikuwa na sheria tu, na sheria ile ilikuwa na sababu yake. Kabla sijafika, vibali viliandikwa kwa mkono, na siku moja familia mbili zilibadilishiwa maiti. Familia moja iligundua ikiwa imeshafika makaburini. Tangu hapo uongozi ukaamuru kwamba mwili hautoki mpaka mfumo utoe kibali chenye namba yake, na mhudumu wa mochwari ailinganishe na namba iliyofungwa mguuni mwa marehemu. Kuandika kwa kalamu kulipigwa marufuku kabisa. Nilimfuata mhudumu yule huko nyuma nikamwuliza kama hakuna njia nyingine. Alikuwa anapiga deki, hakusimama.

"Nikimtoa bila namba, kesho mie ndo nakaa pale nje na begi langu," akasema. "We nenda kwenye mashine yako, braza. Mie huyu binti nimemweka vizuri. Haendi popote."

Yafaa nieleze mashine zenyewe, kwa sababu kila kilichotokea kilitokea kati yao. Zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliiita ya mbele. Ilikaa chini ya kaunta ya mapokezi, na kazi yake ilikuwa kupokea maombi kutoka kompyuta zote za hospitali: karani akibonyeza kitu, duka la dawa likitafuta jina, maabara ikituma majibu, wote walizungumza na hiyo. Lakini ya mbele haikujua chochote. Ilikuwa kama mhudumu wa mgahawa: anasikia unataka nini, anakwenda dirishani jikoni, anarudi na sahani. Mpishi alikuwa mashine ya pili, ya nyuma, ambayo ilikaa stoo ghorofani katikati ya maboksi ya glovu. Programu yote ilikuwa humo, majina yote, vibali vyote.

Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Mashine zote zilizimika na kuwaka. Baada ya hapo kila kompyuta ikawa inaonyesha ukurasa mweupe wenye namba mia tano na mbili na maneno machache ya Kiingereza. Maana yake nilikuwa naijua: mhudumu yupo kazini, amechukua agizo lako, amekwenda jikoni, na jikoni hakupata kitu.

Nikapanda stoo. Mashine ya nyuma ilikuwa inawaka, feni inazunguka, taa ya kijani inapepesa. Nikarudi chini kwenye ya mbele, nikaiagiza iibipu ya nyuma. Kwenye kazi ile kuna amri ya kufanya hivyo, na sijui kama nitapata neno zuri zaidi kwa Kiswahili: unaigusa mashine nyingine, husemi lolote, nayo inakugusa ujue ipo. Ilijibu. Lakini ilijibu kwa kusitasita. Jibu moja lilikuja upesi, linalofuata likachelewa, lingine halikuja kabisa.

Nikaamini ni waya. Jengo lile lilikuwa na panya, na panya wa Kinondoni wanapenda nyaya kuliko mkate. Nikapanda, nikabadilisha waya, nikashuka, nikabipu. Kusitasita kule kule. Nikahamisha tundu la kuchomekea, nikashuka. Kule kule.

Kila niliposhuka nilipita mbele ya benchi. Mara ya kwanza shangazi aliniuliza, "Bado?" Baadaye hakuuliza tena, alinitazama tu miguu, kama mtu anayetaka kujua ninatembea haraka au polepole.

Nikafanya kile ambacho kila mtu pale alikuwa ananishauri tangu mwanzo, kuanzia mlinzi wa getini: zima, washa. Nikaizima programu na kuiwasha. Haikusaidia. Nikaizima mashine yenyewe. Ilikuwa ya zamani, na ikizimika vibaya ilikuwa na tabia ya kujikagua diski nzima kabla ya kuamka, kwa mwendo wa konokono, na huwezi kuiharakisha. Nikasimama mbele ya kioo cheusi nikiangalia asilimia zikipanda. Adhana ya Adhuhuri ikaita msikiti wa jirani. Dirishani nikamwona mzee anavuka barabara kwenda kusali, amebeba mfuko wa plastiki wenye vitu vya binti yake: khanga, kikombe cha bati, ndala, vyote vinaonekana kwa nje. Hakuuacha kwenye benchi. Alipomaliza akarudi nao, akakaa palepale.

Mashine ilipoamka nikaijaribu ikiwa peke yake. Haikuwa na picha, ilikuwa na maandishi meupe kwenye weusi tu, lakini ungeweza kuiuliza swali humo humo ndani, yenyewe kwa yenyewe. Nikaiuliza. Ikanijibu papo hapo, ukurasa mzima wa kuingilia kwenye mfumo ukamwagika kama herufi. Mpishi alikuwa mzima. Chakula kilikuwa kimeiva.

Nikakimbia chini. Karani akajaribu. Mia tano na mbili.

Hapo ndipo mzee aliposema nami kwa mara ya kwanza zaidi ya salamu. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya kaunta, kichwa ndani.

"Fundi."

"Naam, baba."

"Watoto wake wameambiwa Alasiri."

Nikatoka chini ya kaunta. "Ana watoto?"

"Wa madrasa," akasema. "Hakuzaa. Anafundisha. Wanafunzi wake wote watakuja, na misahafu yao. Wazazi wamewaruhusu mpaka Alasiri, maana wengine wanakaa mbali, wanavuka barabara kubwa." Akausogeza mfuko karibu na miguu yake. "Nataka hao wamsalie. Wakubwa wasipofika, basi, hainiumi. Hao ndio nawataka."

"Tutawahi, baba."

Shangazi akaguna. "Usimwahidi. Fanya."

Nikaingia tena chini ya kaunta. Nikakumbuka kwamba kuna maswali mawili tofauti. Kubipu ni kuuliza kama mtu yupo nyumbani. Kugonga ni kuuliza kama atafungua mlango fulani, kwa sababu kila mashine ina milango mingi yenye namba, na programu yetu ilikaa nyuma ya mlango mmoja unaojulikana. Nikaiagiza ya mbele igonge mlango ule. Jibu likaja mara moja: imekataliwa.

Nilikaa nalo jibu lile. Kukataliwa si sawa na kutojibiwa. Mtu asipokuwepo, utagonga hadi uchoke, hutasikia kitu. Huyu alikuwepo, alisikia, akasema hapa hakuna mlango kama huo. Na mimi nilitoka kuuona ule mlango kwa macho yangu ghorofani, upo wazi.

Nikadhani ni ulinzi, ile programu inayozuia wageni kuingia kwenye mashine. Nikapanda nikaufungua wote, kitu ambacho mkuu wangu angenigombeza kwacho. Nikashuka, nikagonga. Imekataliwa. Jasho lilikuwa limenilowanisha shati mgongoni, na karani, binti mpole ambaye kila asubuhi alinitania kuhusu nywele zangu, siku hiyo hakuniambia neno. Alikuwa ameandika jina la marehemu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kioo chake, ili mfumo ukifunguka tu asihangaike kuuliza tena. Nililiona jina lile kila niliposimama.

Nikampigia mkuu. Simu ikakata. Nikapiga tena, akapokea kwa kunong'ona, akatoka nje ya ukumbi. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Unaibipu kwa anwani gani?" akauliza.

"Ile ile ya siku zote. Iliyoandikwa kwenye ya mbele."

"Na yenyewe inasema ni nani?"

"Nani?"

"Ya nyuma. Umepanda ukaiuliza yenyewe, wewe anwani yako ni ipi?"

Sikuwa nimeiuliza.

"Nenda kaiulize," akasema. "Ruta ile niliomba wanunue nyingine wakakataa. Inagawa anwani kwa anayewahi. Umeme ukikatika inasahau kila mtu. Na ile mashine inachelewa kuamka. Nenda."

Nikapanda ngazi mbili mbili. Nikaiuliza. Ikaniambia anwani yake, na haikuwa ile.

Jambo lenyewe ni dogo namna hiyo. Kile kisanduku kinachogawa intaneti, ruta yenyewe, humpa kila anayeingia namba, ndiyo anwani yake, kama zile namba za foleni benki, na kwa miaka mashine ya nyuma ilikuwa inapewa namba ileile, mpaka watu wakadhani ni yake. Mkuu wangu aliikuta hivyo. Asubuhi ile, umeme uliporudi, kisanduku kilianza kugawa upya. Mashine ya nyuma ilikuwa bado inajikagua diski. Mtu mwingine akawahi namba yake. Ilipoamka ikapewa namba nyingine, ikaendelea na kazi kwa utulivu, ikisubiri maombi. Ya mbele nayo iliendelea kupeleka maombi mahali palepale ilipozoea.

Sasa nikajua kwa nini majibu yalikuwa ya kusitasita. Simu ya mkononi ikiwa imelala hujibu hivyo, inaamka kidogo, inajibu, inalala. Zamu nzima nilikuwa nabipu simu ya mtu.

Ningeweza kurekebisha palepale na kuendelea. Lakini nina ugonjwa huu wa kutaka kujua, umenitoa shule na umenitoa kila kazi, na mkono ulikuwa umeshafungua, kwenye simu yangu, orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye kisanduku. Simu nyingi huonekana humo kwa majina ya kiwandani, herufi na tarakimu tu. Hii mwenyewe alikuwa ameipa jina. Liliandikwa Ustadhati, kisha jina lililokuwa limebandikwa kwenye kioo cha karani.

Nilisoma zaidi ya mara moja. Kisha nikatoka stoo, nikavuka korido hadi wodi ya wanawake, kwa sababu nilitaka mtu aniambie nimekosea.

Nesi wa zamu alikuwa anakunja mashuka.

"Dada, yule aliyefariki alfajiri. Alikuwa na simu?"

"Alikuwa nayo. Nimemkabidhi baba yake kwenye mfuko. Kwani imepotea?"

"Haijapotea. Alikuwa anatumia intaneti yetu?"

Akaacha shuka. Intaneti ile ilikuwa ya wafanyakazi tu, na neno la siri lake halikuruhusiwa kutoka. Akautazama mlango kwanza.

"Nilimpa mimi," akasema taratibu. "Alikuwa anawasikiliza watoto wake. Wanamtumia sauti wakisoma, yeye kaweka simu hapa sikioni, anawasahihisha. Bando likamwishia. Akaniuliza kama kuna mtu wa kumnunulia, usiku ule nitamtuma nani? Nikamwekea ya kwetu." Akalishika tena shuka. "Alikuwa hawezi hata kukaa, lakini mtoto akikosea herufi anamrudisha. Utanisema?"

"Sisemi."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu," nikamwambia.

Simu ile ilikuwa chini, kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya khanga, miguuni mwa baba yake. Imewashwa. Tangu asubuhi, kila karani alipobonyeza kuomba kibali cha kuutoa mwili wake, ombi lilikwenda kwa mashine ya mbele, na mashine ya mbele ikalipeleka kwake.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuitoa simu ile kwenye orodha na kuirudishia mashine ya nyuma namba yake. Kwenye kioo cha simu yangu kulikuwa na kitufe kando ya jina, kimeandikwa ondoa. Ingekuwa kazi safi zaidi. Niliweka kidole, nikakitoa. Nikashuka kwenye mashine ya mbele, nikafungua faili lake, nikafuta anwani ya zamani na kuandika mpya. Mstari mmoja. Nikaiwasha upya.

Adhana ya Alasiri ilikuwa inaita karani alipopiga kelele, "Imefunguka!"

Mzee alisimama. Hakumwangalia karani, aliangalia mlango, akasikiliza adhana hadi mwisho, midomo yake ikiijibu. Kisha akavaa kofia.

Kibali kilitoka. Mhudumu wa mochwari akalinganisha namba, akalinganisha tena, akaweka sahihi. Hapo kukawa na shida nyingine: vijana wawili waliokuja na gari asubuhi walikuwa wameshaondoka kwenda kusaidia kuchimba kaburi, wakijua gari litawakuta huko na kila kitu kimekwisha. Wanaume waliobaki walikuwa mzee na dereva.

"Wee fundi," shangazi akaniita. "Uko na mikono?"

"Ninayo, mama."

"Basi shika. Na upande twende, huko mbele nani atashusha? Au na wewe unasubiri kibali?"

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilishika upande wa miguu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na nilijitahidi nisiyumbe kwenye ngazi za mochwari. Mhudumu yule aliyekuwa mkali asubuhi alitutangulia akisogeza ndoo na fagio njiani.

Kutoka Kinondoni hadi Mtoni saa zile ni foleni tupu. Simu ya shangazi iliita bila kukoma. Kila aliyepiga alikuwa anauliza jambo lilelile, na kila mara akajibu, "Tunakuja, tuko njiani. Mtandao. Mtandao, nakwambia. Sijui, wenyewe ndo wanajua." Baada ya muda sauti yake ilipoteza ule ukali, ikabaki maneno tu. Mara moja alimjibu mtu, "Waambie wakae kidogo," akasikiliza, kisha akasema, "Haya. Hapana, ni kweli, ni watoto wa watu." Akaiweka simu mapajani. Mzee alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka kuuliza walioruhusiwa kuondoka ni akina nani.

Tulipofika jua lilikuwa limeshuka. Wanawake walimpokea na kumwingiza ndani kumwosha. Nje, kwenye mikeka, palikuwa na nafasi nyingi. Watu waliokuja kwa Alasiri walikuwa wamesali, wamesubiri, kisha wakarudi kwenye shughuli zao, na wale wa kutoka Mkuranga walikuwa wameondoka ili wasikose gari. Kando ya ukuta wa madrasa, chumba kimoja cha matofali kilichopakana na nyumba, kulikuwa na alama za miguu midogo mingi kwenye mchanga. Mama mmoja aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba watoto walikaa pale mchana kutwa wakisoma, wakapokezana, hadi wazazi walipoanza kuja kuwachukua mmoja baada ya mwingine.

Alisaliwa baada ya Magharibi. Mimi si Mwislamu, nilisimama nje ya msikiti pamoja na viatu. Kutoka hapo nilisikia safu zinavyojipanga, nikajua zilikuwa chache. Walipotoka naye, mtu alinishika mkono akaniweka chini ya jeneza bila kuniuliza mimi ni nani, nikabeba, tukapokezana hadi makaburini. Hapakuwa mbali. Nikatupa udongo kama walivyotupa wengine.

Baadaye mzee alinikuta pembeni ya njia ya kutokea. Watu walikuwa wanampa mkono na kupita. Alinishika wangu, hakuuachia.

"Ahsante kwa kumbeba, mwanangu."

"Pole sana, baba."

"Ilikuwa nini hasa, ile?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ndani ya gari. "Anwani, baba. Umeme ulipokatika, mashine moja ilibadilishiwa anwani, nyingine haikuambiwa. Ikawa inaitafuta pale ilipokuwa zamani."

Akafikiri. "Na pale ilipokuwa zamani, hapakuwa na mtu?"

"Palikuwa na kifaa kingine."

"Cha nani?"

Mfuko ule wa plastiki alikuwa amemwachia dada yake nyumbani. Mikono yake ilikuwa na udongo.

"Kifaa tu, baba. Viko vingi."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikadhani tumemaliza, lakini bado alikuwa ameshika mkono wangu.

"Na kalamu?" akauliza. "Kalamu hazikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Yule bwana wa kule nyuma anajua kuandika?"

"Anajua."

"Na wewe unajua."

"Najua, baba."

"Na sote tulikuwa tunamjua ni nani. Mimi baba yake nilikuwa pale." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu vitu vilivyokuwepo chumbani. "Basi," akasema, akauachia mkono wangu.

Akajipangusa viganja kwenye kanzu, akaenda kwenye njia kuwapokea waliokuwa bado wanafika, mmoja mmoja, wakiuliza kwa sauti ya chini kama ameshazikwa.